Kazi ya Chuma Ambacho Sikukiweka

Jioni ile niliwasha mkondo kwenye elektrodi mpya ya kuvunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni, nikaketi mbele ya skrini nikisubiri mstari wa grafu upande juu kama ulivyokuwa ukipanda kwa miezi mitatu mfululizo.

Haukupanda.

Nilikagua nyaya, nikakagua elektrodi ya kulinganishia, nikapima upya ukinzani wa myeyusho, na kila kimoja kilikuwa katika hali yake ya kawaida. Utando wa nikeli haidroksaidi ulikuwa umepakwa kwa njia ile ile, juu ya kibao cha majaribio chenye ngozi nyembamba ya dhahabu, kwa chumvi ya nikeli iliyotoka katika chupa ile ile. Tofauti ilikuwa moja tu. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, potasiamu haidroksaidi, alkali niliyoimimina ndani ya chombo, nilikuwa nimeiondolea chuma.

Viputo vya oksijeni vilitoka, lakini kwa unyonge. Ili kufikia mkondo wa miliampea 10 kwa kila sentimita ya mraba, nililazimika kuongeza zaidi ya volti 0.1 juu ya ile niliyokuwa nikitumia wiki iliyotangulia.

Kwa miezi mitatu nilikuwa nimeandika katika daftari langu kwamba kichocheo changu, yaani utando ule unaoharakisha utokaji wa oksijeni, kinaboreka. Nilikuwa na maelezo ya kuboreka huko, na niliyapenda: kwamba ninapouloweka utando katika alkali yenye joto kwa siku kadhaa, matabaka ya nikeli yanajipanga vizuri zaidi, na mpangilio huo ndio unaoirahisishia oksijeni kutoka. Nilikuwa nimeyachora matabaka hayo kwa rangi mbili. Sasa, katika alkali iliyosafishwa, kuloweka hakukuleta badiliko lolote.

Kilichokuwa kikiongezeka siku zote zile kilikuwa chuma, kikihama polepole kutoka kwenye myeyusho na kuingia katika nikeli.

Wiki tano zimepita, na swali moja limekataa kuniacha: niliposema "kichocheo changu", nilikuwa ninazungumzia kitu gani?

## Onyo nililolisoma

Jambo hili halikuwa limefichwa. Mwaka 1987 Dennis Corrigan alionyesha kwamba chembe chache za chuma zilizomo katika alkali, hata kwa kiwango cha sehemu moja hivi kwa milioni, zinatosha kubadilisha kabisa tabia ya elektrodi ya nikeli oksaidi wakati wa kutoa oksijeni. Mwaka 2014 Lena Trotochaud, Shannon Boettcher na wenzao walikwenda mbali zaidi. Walisafisha alkali yao kwa uangalifu mkubwa, wakarudia majaribio ya kuzeesha nikeli ambayo kwa miongo kadhaa yalichukuliwa kuwa ushahidi kwamba nikeli iliyojipanga vizuri hufanya kazi bora, wakagundua kwamba bila chuma nikeli hiyo ni kichocheo dhaifu sana. Sifa iliyopewa mpangilio wa matabaka ilikuwa sifa ya chuma.

Nilikuwa nimesoma hayo yote kabla ya kuanza. Nilidhani lebo ya chupa ilikuwa imeshanikinga.

Lebo ilisema usafi wa asilimia 99.99. Ni kauli inayotuliza moyo, mpaka mtu aketi na kuihesabu: sehemu inayobaki, ile asilimia 0.01, ni sawa na sehemu 100 kwa milioni. Ikiwa sehemu moja ya chuma kwa milioni inatosha kubadilisha matokeo, basi lebo ile haikuwa imeniahidi chochote kuhusu jambo nililokuwa ninalipima. Tena nilikuwa nimehifadhi baadhi ya myeyusho katika vyombo vya kioo, na alkali kali hukila kioo kidogo kidogo, ikatoa ndani yake hata hicho chuma kilichofungwa humo tangu kilipoyeyushwa kiwandani.

Njia ya kusafisha yenyewe ina uzuri wake. Unatengeneza unga wa nikeli haidroksaidi, unautia katika alkali ndani ya chupa ya plastiki, unatikisa kwa saa nyingi, kisha unauacha utuame au unauzungusha kwa kasi katika mashine hadi utengane na maji. Unga unatoka na chuma. Nikeli inayonyonya chuma kwa pupa kiasi hicho ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa nimeiloweka kwa siku nyingi, nikijiuliza kwa nini inabadilika.

## Kuhesabu mahali pa kazi

Kuna utafiti mmoja wa upande wa pili wa chombo, upande unaotoa haidrojeni, ambao nimeurudia mara kadhaa katika wiki hizi. Platini haina mpinzani huko, na watu wametafuta kwa muda mrefu kitu cha bei nafuu cha kuirithi. Mwaka 2005 Berit Hinnemann, Jens Nørskov na wenzao walitumia hesabu za kompyuta kuonyesha kwamba molibdeni salfaidi, madini ambayo watu wameyatumia sana kama kilainishi cha mashine, inaweza kuishika haidrojeni kwa nguvu inayofaa, lakini kwenye kingo za matabaka yake tu. Miaka miwili baadaye Thomas Jaramillo, Ib Chorkendorff na wenzao walitengeneza visahani vidogo vya madini hayo vya ukubwa mbalimbali, wakavipiga picha kimoja kimoja, wakapima urefu wa kingo zao zote na eneo lao lote. Mkondo ulifuata urefu wa kingo. Eneo halikuhusika.

Ninaupenda utafiti huo kwa sababu walihesabu. Walijua kazi inafanyikia wapi kabla ya kusema wameiboresha.

Upande wa oksijeni ni mgumu zaidi, na ugumu wake si wa ustadi wetu peke yake. Kutengeneza molekuli moja ya haidrojeni kunahitaji elektroni mbili. Kutengeneza molekuli moja ya oksijeni kunahitaji kuondoa elektroni nne, hatua kwa hatua, na katika hatua hizo oksijeni hushikamana na uso wa kichocheo kwa sura tatu tofauti. Laiti tungeweza kurekebisha nguvu ya kila mshikamano peke yake, kila hatua ingegharimu volti 1.23 sawasawa. Lakini nguvu hizo zimefungamana: ukiulegeza mshikamano wa kwanza, wa mwisho nao unalegea. Hesabu zilizofanywa kwa oksaidi za aina nyingi zinaonyesha kwamba pengo kati ya sura ya kwanza na ya mwisho hukaa karibu na elektroni-volti 3.2 (elektroni-volti ni kipimo cha nishati), wakati pengo linalotakiwa ni 2.46. Ziada hiyo, ikigawanywa kwa hatua mbili zilizo katikati, inaacha deni la takribani volti 0.37 ambalo kichocheo cha kawaida hakiwezi kulikwepa, kiwe cha bei ghali au cha bei nafuu.

Katika asidi, ambako karibu metali zote za bei nafuu huyeyuka zikitumika upande huu, tumebaki kutegemea iridi, metali adimu. Dunia nzima huchimba tani 7 hadi 8 hivi za iridi kwa mwaka, nayo hutoka kama mazao ya pembeni ya uchimbaji wa platini, kwa hiyo kuihitaji zaidi hakuongezi upatikanaji wake. Ndiyo maana niliichagua alkali. Humo nikeli haiyeyuki, na humo chuma, metali ambayo mwanadamu ameitumia kwa maelfu ya miaka, ina nafasi.

Na nafasi hiyo inatazamika. Mwaka 2015 Daniel Friebel, Alexis Bell na wenzao walitumia miali ya eksrei kuchunguza atomi za chuma zilizokaa ndani ya nikeli wakati kazi ikiendelea, wakaona kwamba zimebanwa, zikiwa na vifungo vifupi isivyo kawaida na oksijeni inayozizunguka. Walihitimisha kwamba chuma ndicho kinachofanya kazi. Nikeli kwa upande wake hukipa chuma makazi yanayopitisha umeme, jambo ambalo oksaidi ya chuma peke yake hulifanya vibaya. Wapo wanaoendelea kubishana kuhusu nani hasa anastahili sifa kati ya hao wawili. Mimi nimefikia kuamini kwamba ushahidi wa chuma ni mzito zaidi, ingawa naelewa kwa nini mtu aliyeishi na nikeli kwa miaka mingi angesita.

Basi mtu ataniambia: weka chuma kwa makusudi, uendelee na kazi. Nilifanya hivyo siku iliyofuata. Mstari ulipanda, ukapita hata ule wa awali.

Sikufurahi kama nilivyotarajia.

## Kilo ya nini?

Tunapoita kichocheo "cha bei nafuu", kwa kawaida tunafikiria bei ya kilo ya metali. Katika wiki hizi nimejilazimisha kuihesabu kwa kilo ya haidrojeni, na picha imebadilika.

Kilo moja ya haidrojeni hudai takribani ampea-saa 26,600. Hesabu hii haijali elektrodi imetengenezwa kwa nini. Ni idadi ya elektroni tu. Kwa hiyo kila volti 0.1 ya ziada inagharimu kilowati-saa 2.66 kwa kila kilo inayotoka. Chombo kinachofanya kazi kwa volti 1.8 hutumia karibu kilowati-saa 48 kwa kilo, na kwa volti 2.0 hutumia zaidi ya 53. Mtambo utakaotoa mamilioni ya kilo katika maisha yake utalipa tofauti hiyo kila saa, mchana na usiku, muda mrefu baada ya bei ya metali kusahaulika. Metali nafuu inayodai volti 0.2 zaidi inaweza kuwa ghali kuliko metali ghali.

Hapo ndipo nilipokiangalia upya kipimo changu cha miliampea 10. Kipimo hicho kilienea kwa sababu kinakaribiana na mkondo wa kifaa kinachopokea jua moja kwa moja na kugeuza kama asilimia 10 ya nishati yake kuwa haidrojeni. Kwa kifaa hicho kina maana kamili. Lakini mitambo ya umeme hufanya kazi kwa mamia ya miliampea kwa kila sentimita ya mraba, na mingine kwa ampea nzima au zaidi. Kutoka miliampea 10 hadi ampea 1 ni kuzidisha mara 100, na vichocheo viwili vinavyolingana pale chini huenda visilingane kabisa kule juu. Kile kinachodai milivolti 40 kwa kila mara 10 ya mkondo kitaongeza milivolti 80. Kile kinachodai milivolti 120 kitaongeza 240, yaani zaidi ya kilowati-saa 6 kwa kilo.

Nilikuwa na takwimu zote za kufanya hesabu hii tangu mwezi wa kwanza. Sikuifanya kwa sababu kila nilichokisoma kililinganisha kwa miliampea 10, nami nilitaka kulinganishwa.

Nikaongeza mkondo. Katika ampea 1 viputo huwa vingi mno hivi kwamba hufunika uso wa elektrodi, na sehemu ya volteji hupotea kwa sababu maji hayaufikii uso kwa wakati. Programu ya kifaa changu inaweza kuondoa kwa hesabu upotevu unaotokana na ukinzani wa myeyusho, nami nilikuwa nimezoea kuuondoa wote. Ni haki kuuondoa mtu anapotafuta asili ya kichocheo. Lakini hakuna mtambo unaoweza kumwambia msambazaji wa umeme asihesabu ukinzani. Tangu siku hiyo ninaandika namba zote mbili, iliyosahihishwa na isiyosahihishwa, katika safu zinazofuatana.

## Kinachoondoka na kurudi

Badiliko kubwa la mawazo yangu lilikuja katika wiki ya tatu, na lilianza kama tatizo la kuudhi.

Nilikuwa nimetengeneza elektrodi ya nikeli yenye chuma nilichokipima kwa uangalifu, nikaiweka katika alkali safi kabisa ili nisidanganyike tena. Siku ya kwanza ilifanya kazi vizuri. Siku ya pili ilianza kuchoka. Kufikia mwisho wa juma ilikuwa imerudi karibu na nikeli tupu. Nilipopima myeyusho, chuma kilikuwa humo.

Usafi niliouona kuwa uaminifu ndio uliokuwa ukiimaliza elektrodi yangu.

Mwaka 2020 kundi la Nenad Marković lilieleza jambo hili kwa namna iliyonifanya niweke kalamu chini. Walifuatilia atomi za chuma zilizowekewa alama, wakaona kwamba wakati oksijeni inatoka chuma hakikai mahali pamoja: kinayeyuka na kuingia kwenye myeyusho, kisha kingine kutoka kwenye myeyusho kinarudi na kushika nafasi yake. Ikiwa myeyusho una chuma cha kutosha, kuondoka na kurudi kunalingana, na elektrodi inaonekana imara. Ikiwa myeyusho hauna, kuna kuondoka tu. Uimara, kwa maana hii, ni usawa wa safari mbili.

Nilitafakari jambo hilo kwa siku kadhaa. Lilimaanisha kwamba makosa yangu yalikuwa mawili, na la pili lilizaliwa na juhudi ya kulisahihisha la kwanza. Kwanza nilikipa utando sifa ya kitu kilichokuwa katika maji. Kisha, nilipotambua hilo, niliyaondoa maji katika hesabu, nikataka utando usimame peke yake, kana kwamba kichocheo ni jiwe lenye tabia yake popote litakapowekwa. Lakini chuma hiki hakiishi katika elektrodi peke yake wala katika myeyusho peke yake. Kinaishi katika kwenda na kurudi.

Siyo kila uchafu unastahili kukaribishwa, na sitaki nieleweke hivyo. Kuna uchafu unaodanganya. Ukitumia platini kama elektrodi ya pili unapojaribu kichocheo cha haidrojeni katika asidi, platini huyeyuka upande wa pili na kujibandika juu ya kichocheo chako cha bei nafuu, na baada ya saa kadhaa unajikuta unapima platini huku ukiiita jina lingine. Ndiyo sababu waangalifu hutumia kaboni upande huo. Ninachokiona kuwa tofauti ni kwamba chuma kiasi cha sehemu moja kwa milioni mtambo wowote wa alkali unaweza kukipata bure, kutoka katika mabomba yake yenyewe. Mhandisi anaweza kukipima, kukiongeza, kukipunguza. Ni sehemu ya kichocheo mradi mtu ameitaja.

Nimerudi kwenye daftari na kuandika upya vichwa vya safu zangu. Palipokuwa na "aina ya kichocheo" sasa pana aina ya utando, kiasi cha chuma ndani ya utando, kiasi cha chuma katika myeyusho mwanzoni, na kiasi hicho hicho mwishoni. Majaribio ya miezi mitatu hayawezi kujaza safu ya tatu wala ya nne. Nimeyaacha mahali pake, safu zikiwa tupu.

## Saa ambazo hakuna umeme

Kuna jambo moja ambalo bado sijalielewa, na ndilo linaloniamsha mapema siku hizi.

Majaribio yangu yote ya uimara yalikuwa ya kuwasha na kuacha. Saa 24, saa 100, mstari ulionyooka. Ukilinganisha na saa 60,000 au zaidi zinazotarajiwa kwa mtambo wa kweli, hata saa 100 ni kama kumtazama mtoto akipiga hatua mbili. Lakini urefu wa muda siyo shaka yangu kubwa. Umeme wa jua na wa upepo, ambao ndio sababu ya watu wengi kuitaka haidrojeni hii, huja na kuondoka. Mitambo itazimwa na kuwashwa maelfu ya mara.

Na kuzima si kupumzika. Katika mitambo ambayo vyumba vyake vimeunganishwa kwa alkali moja inayozunguka, mkondo ukikatika vyumba hivyo hugeuka kuwa kitu kinachofanana na betri, na kwa muda fulani umeme hupita kinyume. Nikeli iliyokuwa upande wa haidrojeni huanza kuoksidika. Upande wa oksijeni, utando unarudi kwenye hali yake ya chini, matabaka yanabadili unene, na vipande vinaweza kubanduka. Na chuma chetu je? Kama uimara wake ni usawa wa kuondoka na kurudi, na kurudi kwake kunategemea volteji iliyopo wakati oksijeni inatoka, basi usiku unabadilisha hesabu yote. Sijui kama kinachoyeyuka wakati wa kuzimwa hurudi pale pale asubuhi, au hurudi mahali pengine, pengine upande wa haidrojeni, ambako kitajipaka kama metali na kutokuwa tena sehemu ya mzunguko.

Nilimweleza mwenzangu wa maabara hofu hii. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Umeupima upande wa haidrojeni?"

Sikuwa nimeupima.

Kwa hiyo tangu wiki iliyopita nina vyombo viwili vya plastiki juu ya meza, sambamba, vyote vikiwa na utando wenye chuma kilicholingana. Kimoja kina alkali safi, kingine kina alkali yenye chuma nilichokiweka mwenyewe na kukiandika. Vinafanya kazi saa 12 kwa mkondo mkubwa, vinazimwa saa 12. Hadi leo kile cha alkali safi kimepoteza nguvu haraka zaidi, kama ilivyotarajiwa. Lakini hata kile kingine kinaanza kila asubuhi chini kidogo ya kilipoishia jioni, kinapanda kwa saa moja au mbili, kisha hakifiki kabisa kilipokuwa. Pengo ni la milivolti chache. Linajirudia kila siku.

Nimechukua sampuli za myeyusho wa jioni na wa asubuhi kutoka katika vyombo vyote viwili, na nimekata kipande kidogo cha kathodi, yaani elektrodi ya upande wa haidrojeni, ya kila kimoja. Viko katika chupa sita ndogo za plastiki, tarehe zimeandikwa kwa wino usiofutika, na zamu yangu kwenye mashine ya kupima chuma ni kesho saa tatu asubuhi.